Pointi za Dukani: Zawadi, Thawabu au Marejesho?

Katika supamaketi za Diani na Ukunda, Kwale, keshia hukuuliza kabla hajapitisha pakiti ya kwanza ya unga: "Mama, una kadi ya pointi?" Wengi hujibu hawana, wakalipa, wakaenda zao. Wengine hutaja nambari ya simu, wakaandikiwa pointi ambazo hawajui zina thamani gani wala zitakaa hadi lini. Ni jambo dogo, lakini mwenye nyumba anayenunua mafuta, mchele na sabuni mwaka mzima ana haki ya kujua alichopewa ni nini hasa. Na hapo lugha ina kazi, kwa sababu jina tunalokipa kitu hicho ndilo litakalomwambia adai au ashukuru.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo matangazo huyachanganya: kuponi, vocha na pointi.

Kuponi ni punguzo lenye masharti. Ni karatasi, au siku hizi tarakimu fulani kwenye simu, inayosema ukinunua bidhaa hii kabla ya tarehe hii utapunguziwa kiasi hiki. Neno lina asili ya Kifaransa, kutoka kwa kitenzi chenye maana ya kukata, kwa sababu zamani hati za mikopo zilikuwa na vipande pembeni ambavyo mwenye hati alivikata kwa mkasi akaenda kulipwa faida yake. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mfanyabiashara Asa Candler wa Atlanta, Marekani, alianza kugawa tikiti za glasi moja ya Coca-Cola ya bure, na tangu hapo kuponi ikawa silaha ya wauzaji. Siri yake ni kwamba humpunguzia bei yule tu aliyejishughulisha. Mwenye haraka hulipa bei kamili, anayehesabu senti huitunza karatasi yake, na muuzaji huwapata wote wawili.

Huku kwetu kuponi ya aina hiyo haikuota mizizi. Inahitaji gazeti au kipeperushi kinachoingia kila nyumba, na hayo si maisha ya Gazi wala Vanga. Punguzo la Kenya hubandikwa kwenye rafu, bei ya zamani imepigwa mstari na mpya imeandikwa kwa rangi nyekundu, na watu huliita ofa. Ofa haichagui, kila aliyefika dukani siku hiyo anaipata. Kwa hiyo neno kuponi libaki kwa lile punguzo linalodai uonyeshe kitu, na ofa ibaki ofa. Yote mawili yameshaingia kinywani mwa watu na hayahitaji kusanifiwa upya.

Vocha ni kitu kingine kabisa. Nyuma ya vocha kuna pesa iliyokwisha kulipwa, au ahadi kamili ya kulipa. Wafanyakazi wa hoteli za Diani wanalijua vizuri neno hili: mgeni akifika na vocha ya wakala wake, maana yake chumba kimelipiwa na hadaiwi cha kulala. Tanzania vocha ni kadi ya muda wa maongezi, na pia wakulima waliwahi kupewa vocha za pembejeo ili wapate mbolea na mbegu kwa ruzuku ya serikali. Katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilileta Bamba Chakula, thamani inayotumwa kwa simu ili familia ichague yenyewe chakula kwa muuzaji aliyesajiliwa. Hiyo nayo ni vocha. Ukipoteza kuponi umepoteza nafasi ya kupunguziwa, lakini ukipoteza vocha umepoteza pesa.

Pointi je? Hapa ndipo penye tatizo, kwa kuwa pointi inaonekana kama kuponi na inatenda kama vocha.

Tafsiri inayotumika sana kwa mipango hii ni "mpango wa uaminifu wa wateja", iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka neno la Kiingereza loyalty. Sasa mwulize mwenye duka wa mtaani Msambweni mteja mwaminifu ni yupi. Hatakuambia ni yule anayenunua kwake kila siku. Atakuambia ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la madeni, akachukua sukari na mafuta ya taa kwa mkopo, na mshahara ulipoingia akaja kulipa bila kufuatwa. Mteja huyo anaitwa mwaminifu kwa sababu mwenye duka ametanguliza mali yake na anangoja. Kwenye kadi ya pointi mambo yamegeuka. Mteja ndiye aliyetanguliza pesa, na duka ndilo lililobaki na kitu chake. Kama kuna anayepaswa kupimwa uaminifu hapo, ni duka. Tafsiri hii basi inamtwika sifa, na mzigo, yule ambaye si mdaiwa.

Wengine huandika "mpango wa thawabu". Neno hilo pwani lina mahali pake. Thawabu hutoka kwa Mwenyezi Mungu kwa sababu ya funga, sadaka, au kumsaidia asiyejiweza bila kungoja malipo. Kulishusha hadi kwenye pakiti ya sabuni ni kulionea, na msikilizaji wa Ukunda au Kinondo atalihisi hilo hata kama hatalisema.

"Zawadi" ndiyo inayopendwa zaidi na wenye matangazo, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Zawadi haidaiwi. Aliyekupa zawadi anaweza kuacha kukupa kesho na huna la kumwambia. Pointi haiko hivyo, na ushahidi uko kwenye vitabu vya hesabu vya makampuni yenyewe. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, na mwaka 2007 ulitolewa mwongozo uitwao IFRIC 13 uliohusu mipango hii hasa. Ulisema kwamba duka linapouza bidhaa na kutoa pointi, limeuza vitu viwili kwa mpigo mmoja: bidhaa uliyobeba leo, na haki utakayoidai siku nyingine. Kwa hiyo sehemu ya pesa uliyolipa haihesabiwi kuwa mapato ya siku hiyo. Hukaa upande wa madeni mpaka utumie pointi zako au muda wake uishe. Kiwango cha IFRS 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018, kimeurithi mwongozo huo na msingi umebaki uleule. Mhasibu wa duka anajua ni deni. Mama aliye mbele ya keshia ndiye anayeambiwa ni zawadi.

Neno ninalolipendekeza ni marejesho: mpango wa marejesho, kadi ya marejesho, na pointi ibaki kuwa kipimo chake. Najua wanachama wa vyama vya akiba hutumia neno hilo kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo. Kwangu hiyo si kasoro. Wanaokutana kila wiki chini ya mwembe kukusanya marejesho wanafahamu kwamba anayerejesha ni mdaiwa, kwamba kuna kiwango kilichokubaliwa, na kwamba tarehe ni tarehe. Ufahamu huohuo ndio unaohitajika mbele ya keshia.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kadi. Mwaka 1844 wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka la ushirika, na faida ikagawiwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi, na hakuna aliyefikiri kwamba amekirimiwa. Duka lilikuwa lao. Kampuni za baadaye zilichukua umbo la mpango huo zikaacha umiliki.

Kuna kitenzi kimoja ambacho nakitetea ingawa baadhi ya wahariri hukikataa: kukomboa pointi. Wanasema ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Lakini mtu wa pwani alikuwa akikomboa mkufu wake uliowekwa rehani muda mrefu kabla ya simu kufika. Unachokikomboa ni chako, kiko mikononi mwa mwingine kwa muda. Kwa pointi, maana hiyo inakaa sawasawa, tena inasaidia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana jina zuri halinunui unga. Swali la kuuliza ni moja: katika kila shilingi 100 ninazotumia, zinarudi ngapi? Chukua Bonga Points za kampuni ya simu ya Safaricom, ambazo zilianza mwaka 2007 na huenda ndizo pointi zilizoenea kuliko zote Kenya. Mteja hupata pointi 1 kwa kila shilingi 10 anazotumia kwa huduma kama kupiga simu. Aprili 2020, korona ilipobana riziki, kampuni iliruhusu watu kulipia chakula dukani kwa pointi hizo, kila moja kwa senti 30. Kiwango cha kawaida kimekuwa senti 20. Kwa senti 20, shilingi 5,000 za matumizi zinaleta pointi 500, yaani shilingi 100. Ni asilimia 2. Si haba kwa kitu ambacho ungekitumia hata hivyo, na anayetaka kujua salio lake hubonyeza *126#.

Maduka mengi hutoa chini ya hapo. Tuseme duka linakupa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi ni shilingi 1. Hiyo ni asilimia 1. Ukipanda matatu Msambweni kwenda Ukunda kwa ajili ya kadi hiyo, na nauli ya kwenda na kurudi ikafika shilingi 200, itabidi ununue vitu vya shilingi 20,000 ndipo marejesho yafidie nauli. Familia nyingi za Kwale hazinunui hivyo. Hununua mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, siku kwa siku, kwa sababu pesa huingia siku kwa siku kutoka kwa samaki, mnazi au bodaboda. Ununuzi huo wa kidogo kidogo ndio ghali kuliko wote ukipiga bei kwa kilo, na hakuna kadi inayoufidia. Majirani watatu wakichanga wakanunua mfuko mkubwa wa mchele wakagawana, wataokoa zaidi ya pointi za mwaka mzima. Nasema hivyo bila kuwakatisha tamaa wenye kadi. Kama unapita Ukunda kwa kazi zako, itumie, mradi isikutume kununua usichokihitaji.

Pia kuna malipo ambayo risiti haiyaonyeshi. Kadi inalieleza duka unachokula, lini, na pesa zikipungua unaacha nini. Tesco ya Uingereza ilipoanzisha Clubcard mwaka 1995, habari hizo zilichambuliwa na kampuni ya dunnhumby na zikawa hazina kubwa kwa duka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayokupa haki ya kuuliza habari zako zinatumiwa kwa kazi gani. Ni haki ya kutumiwa, hasa pale fomu ya kadi inapotaka nambari ya kitambulisho.

Ubaya mkubwa wa deni hili ni kwamba mdaiwa ndiye anayeandika masharti. Oktoba 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingeanza kufutwa. Na duka likianguka, hali ni mbaya zaidi. Nakumatt, iliyokuwa na kadi yake na tawi hadi Diani, ilizama katika madeni, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe. Mwenye pointi katika duka linalofilisika ni mdai asiye na dhamana, nyuma ya mabenki. Ndiyo maana haifai kuzilimbikiza kama akiba. Akiba huzaa au hulindwa, lakini pointi huzeeka.

Pwani hiyohiyo ina mfano wa deni lililoandikwa na wanaodaiana wenyewe. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, Will Ruddick na wafanyabiashara wadogo walianzisha Bangla-Pesa, vocha ambazo wanachama walipokeana kwa mboga, maji na huduma. Baadhi yao walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Kazi hiyo ilikua kupitia shirika la Grassroots Economics ikawa Sarafu ya kwenye simu, na wakati wa korona vijiji vya Kinango, Kwale, vilikuwa miongoni mwa watumiaji wake wakubwa. Waduruma wa huko wana desturi ya mweria, watu kulimiana mashamba kwa zamu, kwa hiyo haikuwa vigumu kuelewa: aliyetoa vocha anadaiwa bidhaa au jasho, na anayemdai anakijua kibaraza chake. Hawakuiita zawadi.

Supamaketi haiwezi kuwa mweria, na sitarajii iwe hivyo. Lakini inaweza kuandika risiti kwa Kiswahili kinachosema kweli. Badala ya "Hongera, umejishindia pointi 140", iandikwe: "Marejesho yako ni pointi 140, sawa na shilingi 28. Unaweza kuzikomboa kwa bidhaa yoyote hapa dukani. Zisipotumika kufikia tarehe 31 Desemba, zitafutwa."