Hoteli iliyochomwa Cache Lake na tarehe isiyofika

Mwishoni mwa Septemba, majani ya mepo yanapogeuka mekundu, watu wa Toronto hufanya kama wameambizana. Hupakia watoto, chupa za chai na mablanketi, wakashika njia ya kaskazini, na baada ya saa tatu hivi wote wanakutana kwenye foleni moja: Barabara Kuu namba 60, inayokatiza upande wa kusini wa Hifadhi ya Algonquin. Msongamano umekithiri kiasi kwamba siku hizi kibali cha gari huombwa mapema mtandaoni. Ukienda kichwakichwa unaweza kurudi na watoto wako wamenuna.

Katika haraka hiyo, wengi hupita Cache Lake bila kukanyaga breki. Pembeni mwa ziwa hilo palikuwa na hoteli. Leo pana misonobari.

Wenyeji huviita vilima hivi nyanda za juu. Mtu wa Moshi au Nyeri angecheka, maana hata kilele kirefu hakifiki mita 600. Lakini ni msitu kwelikweli, zaidi ya kilomita za mraba 7,600, na maziwa ambayo hata wapiga kasia wa miaka mingi hawajayamaliza. Serikali ya jimbo la Ontario iliutenga mwaka 1893, baada ya karani wa Idara ya Ardhi, Alexander Kirkwood, kuupigia debe kwa miaka kadhaa. Hakuwa na habari ya watalii. Alitaka kulinda chemchemi za mito na mbao zisimalizwe na walowezi wenye mashoka. Jina alilichukua kwa Waalgonquin, wenye nchi. Jina likabaki, wenyewe wakasogezwa: familia zao zilizoomba ardhi katika eneo la Lawrence, upande wa kusini, zilinyimwa. Wamaasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959 wasingehitaji kuelezwa zaidi. Madai ya Waalgonquin bado yako mezani. Makubaliano ya awali yalitiwa saini mwaka 2016.

Miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kulala kwenye vijumba hapa kwa idhini ya serikali ni askari wa hifadhi. Kazi yao ilikuwa kuwasaka majangili wa manyoya na kuangalia moto, kwa mtumbwi kiangazi, kwa viatu vya theluji kipupwe. Njiani mwa doria wakajenga vibanda vya magogo. Kibanda cha namna hiyo ni chumba kimoja tu. Magogo yamechongwa mapengo kwenye pembe yaumane bila misumari, na nyufa zimezibwa upepo usipenye. Ndani kuna jiko la chuma la kuni, meza, na vitanda vya mbao vitupu, godoro uje nalo. Choo kiko nje, na usiku unakwenda na tochi ukijiimbia ili dubu, kama yupo, ajue unakuja. Vichache vimebaki, na mamlaka ya hifadhi huvikodisha kwa wageni. Vingine hufikiwa kwa gari, vingine mpaka upige kasia na kubeba mtumbwi kichwani kutoka ziwa hadi ziwa.

Reli ilifika mwaka 1896, mali ya tajiri wa mbao J. R. Booth, na kampuni ya Grand Trunk ilipoichukua ikaona kuna biashara nyingine mbali na magogo. Mwaka 1908 ikafungua Highland Inn, juu kidogo ya Cache Lake. Mtu wa Toronto alipanda treni ya kaskazini, akabadilisha Scotia Junction, akashuka mlangoni mwa hoteli na sanduku lake. Wageni walipozidi vyumba, wengine walilala kwenye mahema yaliyosimikwa juu ya sakafu za mbao. Audrey Saunders, aliyezungumza na wazee wa enzi hizo na kuandika kitabu chao katika miaka ya 1940, ndiye aliyetuhifadhia simulizi nyingi za waongoza mitumbwi, wapishi na wageni waliorudi kila mwaka. Anawapenda mno, na msomaji huishia kuwapenda naye.

Kwenye ziwa jirani, Canoe Lake, ndiko alikofia mchoraji Tom Thomson Julai 1917. Yapo mabishano ya karne nzima kama alizama au aliuawa, na atakaye ayasome kwingine. Hapa inatosha kusema kwamba hata kipupwe, aliporudi mjini, aliishi kwenye kibanda cha mbao nyuma ya jengo la wasanii katika bonde la Rosedale, Toronto, kwa kodi ya dola moja kwa mwezi. Kibanda hicho kilihamishwa Kleinburg mwaka 1962, kikatunzwa kwenye jumba la sanaa la McMichael. Cha mchoraji kilipona. Hoteli haikupata bahati hiyo.

Ugomvi wa nani akae ndani ya hifadhi ulianza na karatasi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 serikali iliwapangisha watu viwanja kando ya maziwa, wakajenga nyumba za mapumziko, wakalea watoto na wajukuu humo. Kisha akatokea Frank MacDougall. Alikuwa msimamizi wa hifadhi katika miaka ya 1930, akiizungukia kwa ndege aliyoirusha mwenyewe, na kutoka juu aliona wazi kila paa lililochomoza ufukweni. Mwaka 1941 akawa mtendaji mkuu wa wizara husika, kama katibu mkuu kwetu. Mwaka 1954 ikatangazwa: hakuna kiwanja kipya, mikataba iliyopo itakufa muda wake ukiisha, na hoteli zitanunuliwa ziondolewe. Msitu urudi kuwa msitu.

Highland Inn ilinunuliwa mwaka 1956. Mwaka uliofuata ikachomwa moto. Haikuwa ajali. Serikali ilinunua hoteli yenye karibu nusu karne, ikaiteketeza, ikapanda miti.

Wapangaji hawakukaa kimya. Hoja yao ilikuwa kwamba wao ndio macho ya ziwa, wanaoona moshi kwanza na kumwokoa aliyepinduka na mtumbwi. Wapinzani wakauliza kwa nini ufuko wa umma uwe wa familia chache zenye bahati ya babu. Maswali yote mawili ni ya haki, na huenda ndiyo sababu kila waziri ameyakwepa. Mikataba ilikuwa imalizike mwaka 1996, ikasogezwa hadi 2017. Ilipofika 2017 ikasogezwa tena, hadi 2038. Nyumba karibu 300 zingali zimesimama.

Mimi ningeielewa sera hiyo zaidi kama shoka nalo lingetoka. Algonquin ndiyo hifadhi pekee ya jimbo hilo inayoruhusu kuvuna mbao kibiashara, na tangu miaka ya 1970 kuna shirika maalumu la serikali kwa kazi hiyo. Mwenye nyumba ya vyumba viwili aliambiwa anaharibu pori. Lori la magogo, ambalo mgeni wa barabara ya 60 halioni, halikuambiwa hivyo.

Miongo ya karibuni haina mengi. Jumba la wageni lenye makumbusho lilifunguliwa mwaka 1993, hifadhi ikitimiza miaka 100, na kambi zikaongezewa mahema ya duara yenye joto kwa wasiotaka kulala chini. Hoteli tatu ndogo zilinusurika. Mojawapo, Bartlett Lodge, iko Cache Lake hapohapo tangu mwaka 1917, na mgeni wake hufuatwa gatini kwa boti.

Kwa hiyo msomaji wa Toronto, ukipata kibali chako cha Oktoba, usikimbilie tu mahali pa kupiga picha. Geuka Cache Lake, ufuate tuta la reli ya zamani kwa miguu hadi kwenye misonobari iliyopandwa baada ya moto, uwaambie watoto hapo walikuwa wakishuka watu na masanduku yao.