Mlango wa Mto Msimbazi na kipindupindu

Mjini Vwawa hakuna bahari. Kuna Barabara ya TANZAM, na anayeifuata hadi mwisho wake wa mashariki hufika Dar es Salaam, ambako Mto Msimbazi huingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Selander.

Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi kwenye mikoko ya mlangoni. Hapo maji baridi hukutana na maji chumvi. Bahari ikijaa huusukuma mto nyuma, ikipwa huuachia, hivyo uchafu ulioshuka asubuhi waweza kurudi jioni. Maji ya chumvichumvi humfaa pia bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, anayeweza kuishi humo akijishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, hata pasipo mgonjwa karibu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, na wagonjwa walipita 20,000.

Chanzo kikubwa cha uchafu huo kiko juu zaidi ya mto, kwenye choo cha shimo. Shimo likijaa, mwenye nafasi huita gari la majitaka. Asiye na pesa, au ambaye kichochoro chake hakipitishi gari, hungoja masika. Mvua ikikolea usiku hutoboa shimo upande wa mtoni, na kinyesi kikaondoka na mafuriko. Dar es Salaam kitendo hiki huitwa kutapisha choo. Faini haijamaliza mchezo huu, na sioni itaumalizaje mahali ambapo gari haliingii. Mashimo ya aina hiyo hata Vwawa yapo. Kisichokuwepo ni bahari ya kuurudisha uchafu.

Njia zinazosaidia ni zile zinazokidaka kinyesi kabla hakijafika mtoni. Kwenye vichochoro hutumika pampu za mkono. Vingunguti baadhi ya nyumba zimeunganishwa kwa mabomba membamba hadi kwenye mabwawa ya majitaka. Bwawa la namna hiyo halina mashine: tope hutuama, kisha jua, mwani na siku nyingi za kungoja huua vimelea. Likizidiwa mzigo, maji hutoka kabla kazi haijaisha.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, hutajwa zaidi kwa kudhibiti mafuriko. Lakini kila nyumba inayohamishwa bondeni huondoka na shimo lake. Mikoko nayo husifiwa kupita kiasi: huzuia tope, haizuii kipindupindu.

Wapimaji wa uchafu wa kinyesi hutafuta bakteria E. koli kwenye maji baridi. Baharini huangalia enterokoki, wanaostahimili chumvi zaidi. Bondeni kuna kipimo kingine, tuta la mchicha unaomwagiliwa maji ya mto. Mkulima akiacha kuumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, jua hupunguza vimelea majanini, ila mchicha husinyaa kidogo na mnunuzi hupenda ulionyweshwa alfajiri.