Kisolo: muchezo wa mashimo, na jina la mwenye kuutengeneza

Kisolo ni muchezo wa mashimo na mbegu. Jina hiyo njo Waluba na Walulua wanatumia; ku Zambia Watonga wanasema chisolo. Kuko mbao za kuchonga, lakini muchezo hauombi ubao: mutu anachimba mistari 4 ya mashimo mu udongo, anaokota mbegu ao mawe madogo, anaita mwenzake. Mara nyingi kila musitari uko na mashimo 7, lakini kila eneo iko na hesabu yake, na njo hapo ugumu wa kuuandika unaanzia.

Kila muchezaji iko na mistari 2 ya upande wake. Anatosha mbegu zote mu shimo moja, anazipanda moja-moja kwa kuzunguka mistari yake tu. Mbegu ya mwisho ikianguka mu shimo la ndani lenye halikuwa tupu, na mwenzake iko na mbegu mu shimo la kuelekeana nalo, anazikamata na kuzipanda upande wake. Kwa hiyo mbegu hazitoki mu muchezo, zinabadilisha tu mwenyewe. Mwenye hana tena ya kutembeza, amepoteza. Watu wenye kutazama mara ya kwanza wanafikiri ni bahati. Hapana: hakuna karata ya kuficha wala dé ya kutupa, yote iko mbele ya macho. Ni hesabu tupu, na muzee mwenye hakusoma sana anaweza kumaliza mwanafunzi wa chuo kikuu bila kutoka jasho.

Ndugu za kisolo ziko nyingi: igisoro ya Rwanda, omweso ya Uganda, bao ya Zanzibar na pwani. Hizi tatu ziko na mashimo 32 na mbegu 64. Bao ilipata bahati ya kuandikwa vizuri. Muholanzi Alexander de Voogt aliandika juu ya mafundi wake mu kazi ya chuo kikuu cha Leiden mwaka wa 1995. Kwa upande wetu, kazi ya kutafuta ni ya Philip Townshend juu ya michezo ya mashimo ya Zaïre, Rwanda na Burundi. Ilichapishwa Brussels mwaka wa 1977, mu Kifaransa.

Nani aliutengeneza? Kwa kawaida hakuna jina. Lakini Wakuba wa Kasai wako na lao: masimulizi yao yanasema mufalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, njo aliwaletea muchezo huo. Sanamu yake ya miti iko London, mu British Museum, tangu mwaka wa 1909, na mbele ya miguu yake fundi alichonga ubao wenyewe. Kila mufalme mu sanamu hizo iko na alama yake. Ya Shyaam ni muchezo, haiko silaha.

Kisha angalia ilivyoenda ngambo. Mu miaka ya 1940 Mumarekani William Julius Champion alitengeneza Kalah, muchezo wa mistari 2 kwa mufano wa ile ya Afrika, akaandikisha haki yake, akauuza. Jina lake linajulikana. Na wao kule walipigania jina: mwaka wa 1988, ku maonyesho ya Nuremberg, watungaji wa michezo 13 walitia saini mu karatasi ngumu ya kuwekea kilauri ya bière, kwamba hawatamupa muchapishaji muchezo wowote kama jina lao halionekane ku sanduku. Ilifaulu. Leo mutu anaweza kuuliza muchezo wa Klaus Teuber, mwenye alitunga Catan mwaka wa 1995, sawa vile anauliza muziki wa fulani. Kuko hata zawadi ya Ujerumani, tangu 1979, yenye inatolewa na waandishi wenye kazi yao ni kuchambua michezo.

Mu Kolwezi bière pia inasaidia, lakini kwa kapsule: njo pioni za dame, moja inatazama juu, ingine chini, na ya kuvikwa taji inapandishwa juu ya ingine. Wachambuzi wako wengi pembeni ya ubao, wanapiga kelele, hakuna mwenye anaandika.

Kwa kisolo hiyo ni hatari zaidi. Dame iko na sheria za kimataifa, mashimo yake 100 — tuseme nyumba zake 100 — hayapotei muzee mumoja akikufa. Kisolo ya mutaa inakaa mu kichwa cha wale wanaucheza pamoja. Mu Kasulo, tangu watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba mwaka wa 2014, neno shimo linamaanisha kitu kingine. Mwaka wa 2017 sehemu ya wakaaji walihamishwa. Majirani wakitawanyika, wachezaji wawili wenye walijua sheria moja wanaweza kukosa kuonana tena.

Mwenye anataka kuandika ya muzee wake, aulize kwanza hesabu ya mashimo na mbegu ngapi zinaanza mu kila moja. Halafu upande gani wa kuzungukia, na kama shimo la mbegu moja linaruhusiwa kutembea. Telefone inatosha kupiga picha ya mwanzo, kabla mukono wa kwanza haujachezwa.