Petroli Ndiyo Imesafiri: Mafundi wa Magari wa Likasi

Fundi aliyenifundisha kazi alitoka Ateliers Centraux de Panda, karakana kuu za kampuni ya shaba hapa Likasi, Katanga, nchini Kongo. Gari likiletwa limezimika njiani, mwenyewe alikimbilia kufungua boneti; mzee alikwenda nyuma, kwenye mfuniko wa tanki. Akiulegeza na kusikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, ameshajua: tundu la kupumulia limeziba, pampu imevuta mpaka haiwezi tena. Gari la namna hiyo huenda kilomita chache, huzima, hupumzika, huwaka tena, na mwenyewe huanza kuamini kwamba limerogwa.

“Papa, na kabureta je?” nilimwuliza.

“Kabureta haijatoka mahali pake, mwana. Petroli ndiyo imesafiri.”

Mafundi wa hapa hawakuanza nyuma siku zote. Enzi za Union Minière du Haut-Katanga, mji ulipoitwa Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966, walianza mbele, na walikuwa na sababu. Petroli ilitoka kwenye pampu ya kampuni ikiwa safi. Kilichowasumbua ni mwinuko. Likasi iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, lakini kabureta za Solex za Peugeot 404 nyingi zilipimwa kwa tambarare za Ulaya. Injini ililishwa petroli nyingi kuliko hewa, plagi zikajaa masizi, gari likawa zito mlimani. Dawa ilikuwa kufunga jeti yenye tundu dogo zaidi. Gari lenyewe lilikuwa imara: 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Kisha mambo yakaanza kukatika. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia yetu ya kwenda bandari ya Lobito. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Na kati ya 1992 na 1993 jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wako waliofia hapo. Walikuwemo mafundi mitambo, wachomeleaji na wachonga vyuma. Sikubali historia ya ufundi wa mji huu iandikwe kwa kuiruka stesheni ile. Tulifukuza walimu wetu.

Petroli nayo ikahamia kwenye mapipa, madumu na chupa za wauzaji wa kando ya barabara, wale tunaowaita Kadhafi. Katanga haina visima vya mafuta. Petroli hupanda kutoka bandari za mbali, hupita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa, na kila inapomiminwa kutoka chombo hadi chombo huokota kitu: kutu, vumbi, maji ya mvua, mara nyingine mafuta ya taa. Mzee aliijaza kwenye chupa nyeupe akaiacha itulie. Maji huzama chini na mpaka wake huonekana wazi. Tone alilisugua kiganjani. Petroli hukauka upesi na kuacha ubaridi, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha utelezi.

Mji huu ulishaona chombo kikiharibu kilichomo. Septemba 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga, kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa chini ya Pat Quinlan, watu zaidi ya 150, kilizingirwa Jadotville. Helikopta iliwafikishia maji, lakini madumu yalikuwa yamewahi kubeba mafuta, na maji hayakunyweka. Walisalimu amri walipoishiwa risasi na maji.

Ugonjwa mgumu kuliko yote ni ule usiodondosha hata tone. Kati ya tanki na pampu petroli huvutwa, haisukumwi; bomba likipata ufa upande huo, hewa huingia na nje hubaki pakavu. Mabomba ya chuma yalipooza kwa kutu, sisi watu wa shaba tuliweka ya shaba. Lakini shaba ikitikiswa sana hukakamaa na kupasuka karibu na nati, kwa hiyo mzee aliizungusha duara moja kabla ya kufika kwenye injini, ili mtikisiko uishie hapo. Kutafuta ufa alichomoa waya wa koili, akatoa mpira kwenye kabureta na kuuingiza katika chupa, mimi nikapiga stata. Pampu nzima hurusha petroli kwa mapigo. Mapovu ni hewa. Ndoo ya mchanga ilikuwa miguuni pake kila mara. Na kabla ya yote hayo alinusa kijiti cha oili, kwa sababu utando wa pampu ukipasuka petroli hushuka kwenye oili, na injini ikiwashwa hivyo huua beringi zake.

Kuanzia 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walitoka na ujuzi wao mikononi, na baadhi walifungua garaji chini ya miembe ya Kikula na Panda. Huko ndiko nilikojifunza. Siku hizi naletewa magari ya Kijapani yasiyo na kabureta. Pampu ya umeme imo ndani ya tanki, na ninapoitoa mara nyingi nakuta chujio lake limejaa kutu ya mapipa. Nimeanza kuandika kwenye daftari, kando ya kila gari, petroli ilinunuliwa wapi.