Tanzia si kila msiba

Neno tanzia, katika matumizi ya watu wote, ni tangazo la kifo. Waandishi wa Kiswahili wamelitwaa liwe pia jina la mchezo wa kuigiza wa namna ile iliyoanzishwa na Wayunani. Hapo ndipo lizaliwapo kosa tulikutalo katika madarasa ya Bukoba na Muleba: mwanafunzi akiulizwa tanzia ni nini, hujibu kwamba ni hadithi iishayo kwa kifo.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa maji. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba na kuua watu katika Kagera. Hakuna mchezo uwezao kulingana na misiba hiyo kwa uchungu. Hata hivyo si tanzia kwa maana ya wanafasihi, kwa kuwa tetemeko halina nia, wala abiria wale hawakujiletea mauti.

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba mtu wa tanzia ni mwenye cheo, si mwema kupita wote wala si mwovu. Huanguka kwa kosa lake. Mambo humgeukia kinyume cha alivyotazamia. Kisha huitambua kweli, nasi tutazamao twashikwa na huruma na hofu. Tutazame mchezo wa Sophocles, ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa jina la Mfalme Edipode (1971). Mfalme amtafuta muuaji ili auponye mji na tauni, kumbe muuaji ni yeye mwenyewe. Naye hafi, bali ajipofua macho.

Miaka elfu mbili baadaye Shakespeare aliihamishia vita ndani ya moyo. Katika Makbeth, aliyoitafsiri Mushi huyo huyo (1968), wachawi hutabiri tu. Anayeshika kisu ni Makbeth. Tena Shakespeare huchanganya kicheko na kilio, jambo ambalo Wayunani waliliepuka katika tanzia zao.

Mambo haya si mageni kabisa kwa Wahaya, waliozoea kusikiliza tendi za mashujaa zikiimbwa kwa nanga. Mmoja wa mafundi wake mashuhuri, Habibu Selemani, alifariki mwaka 1993. M. M. Mulokozi, aliyezichunguza tendi hizo, ndiye pia aliyetunga mchezo wa Mukwava wa Uhehe (1979), juu ya mtawala aliyejiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa na Wadachi.

Basi mwalimu asiulize kwanza, “Nani alikufa?” Na aulize, “Alichagua nini, na alitambua lini?” Faida yake yapita mtihani. Ajuaye tofauti hii hatamtafutia hatia mtu aliyeangukiwa na ukuta, wala hatamwachilia mwenye kosa lake kwa kusema, “Ndivyo ilivyoandikwa.”