Mshipi wa ndoana nyingi: kujipatia chambo bila kukokota nyavu

Mvuvi wa mshipi asiye na chambo amebaki na ngalawa tu. Wavuvi wa Chwaka wanalijua hili vizuri, kwani chambo kikinunuliwa, fedha yake imeshatoka mfukoni kabla samaki wa kwanza hajapanda chomboni. Wasikilizaji wetu wanapotuuliza kuhusu ule mshipi wenye ndoana ndogo sita zilizofungwa manyoya, wanachotaka kujua ni kama mtu anaweza kujitafutia chambo mwenyewe, njiani, kabla hajawafikia nguru na kolekole. Anaweza, ila uko utaratibu wake.

Mshipi huu si kitu kigeni kama unavyoonekana dukani. Wajapani wanauita sabiki, na huko Uingereza wavuvi hutumia manyoya hayo hayo kuvulia jamaa wa kibua wetu. Kibua na samaki wengine wadogo wanaotembea kwa makundi hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Wakiona kitu chembamba kinachometameta na kucheza, hukidhania chakula. Kwa hiyo ndoana haihitaji chambo, unyoya unatosha.

Unaweza kuutengeneza nyumbani. Chukua uzi wa nailoni wa urefu wa pima moja hivi. Huo ndio uzi mkuu. Kila baada ya kiasi cha shubiri moja, funga tawi fupi la uzi mwembamba zaidi, lisizidi urefu wa kidole, na mwisho wa tawi weka ndoana. Kwa vibua tafuta ndoana namba 6 au 8, na kwa simu na samaki wadogo zaidi, namba 10 hadi 14. Kumbuka kwamba kwa ndoana hizi namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. Kwenye shina la ndoana funga unyoya mweupe wa kuku, au nyuzi chache zinazong'aa, au kipande chembamba cha ngozi ya samaki. Chini kabisa weka chubwi ya risasi, na juu unganisha na mshipi wako wa kawaida.

Tawi liwe dhaifu kuliko uzi mkuu. Ndoana ikinasa kwenye mwamba, litakatika tawi moja, wala hutapoteza mshipi mzima. Kuhusu idadi, madukani zipo zenye ndoana hadi kumi. Sisi tunaona sita zinatosha kwa ngalawa, maana ndani ya chombo chembamba, kumi ni ugomvi wa nyuzi tangu asubuhi.

Ukifika penye kundi, teremsha chubwi taratibu huku ukihesabu pima. Inua mkono polepole, ushushe, uinue tena. Ukisikia samaki wa kwanza, usikimbilie kuvuta. Kupapatika kwake kunazichezesha ndoana zilizobaki, na wenzake hufuata. Subiri kidogo, kisha vuta kwa mwendo mmoja bila kulegeza, kwa sababu mdomo wa kibua ni laini na hupasuka haraka. Ukipata samaki kwa pima nne, rudi kwenye pima hizo hizo. Kundi likihama, badili kina kabla ya kubadili mahali.

Wakati wa bamvua maji ya Chwaka hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo kwenye mlango wa ghuba huwa na nguvu. Mshipi hulala ubavu na matawi hujisokota. Ongeza uzito wa chubwi, au subiri maji yatulie kati ya kujaa na kupwa. Maji mafu ni rahisi zaidi kwa anayejifunza. Msimu wa kusi, Rasi ya Michamvi hukinga sehemu ya ghuba, lakini nje ya mwamba bahari huchafuka, na hakuna chambo kinachostahili hatari hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi. Sakafu ya Ghuba ya Chwaka imefunikwa na majani ya bahari, na humo ndimo wanamokulia watoto wa tasi na changu. Ndoana ndogo haichagui. Ukiigusisha chini kwenye majani, utapandisha changu wa urefu wa kidole, ambaye angeachwa angekuja kuwa kitoweo cha nyumba nzima. Kwa hiyo vua juu juu au katikati ya maji, na ukimpata mtoto wa changu, lowesha mikono kwanza, mtoe, umrudishe. Mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na maradhi.

Hata hivyo, mshipi huu una nafuu kubwa ukilinganishwa na juya. Nyavu za kukokota hung'oa majani na kuzoa kila kitu, ndiyo maana zimepigwa marufuku Zanzibar, na ndiyo maana katika miaka ya 1990 zilizua mvutano mkubwa kati ya wavuvi wa Chwaka na wa Marumbi. Sehemu hii ya bahari pia imo katika eneo la hifadhi ya Mnemba na Chwaka, linalojulikana kama MIMCA. Kabla ya kuvua mahali usipopazoea, iulize kamati ya wavuvi ya shehia.

Anayetaka chambo hai aweke vibua wachache kwenye ndoo na kubadilisha maji mara kwa mara. Wakijaa, watakufa kwa kukosa hewa. Kwa nguru, tumia waya karibu na ndoana, maana meno yake hukata nailoni kama kisu. Vibua waliobaki wapasue, watie chumvi nyingi, watafaa kesho.

Mshipi ukimalizika kazi, usiutupe ufukweni. Wakulima wa mwani hupita hapo miguu mitupu maji yakipwa, na kasa hunaswa na nyuzi. Uviringe kwenye soli ya ndara kuukuu na kila ndoana uichome kwenye mpira. Ndoana ikikuingia mwilini hadi kupita kimbi chake, usiing'oe kwa nguvu. Kata uzi, nenda kituo cha afya, na uulizie sindano ya pepopunda.