Khabari za Benki ya Akiba ya Mit Ghamr

Kaskazini ya Kairo, katika nchi tambarare ambamo mto Nili hugawanyika kabla ya kuingia baharini, upo mji uitwao Mit Ghamr. Si mji wa wafalme, na wengi wanaozungumza leo juu ya benki zisizotoza riba hawajapata kulisikia jina lake. Lakini huko ndiko kulikofunguliwa, mwezi wa Julai mwaka 1963, benki iliyomfungulia mlango mtu ambaye benki nyingine hazikumtazama, yaani mkulima, fundi na mchuuzi wa sokoni.

Wakati huo benki kubwa za Misri zilikuwa zimekwisha kutwaliwa na serikali, na shughuli zake zilikuwa za mijini. Mkulima alijiwekea akiba kwa desturi ya wazee wake: dhahabu ya mkewe, nafaka ghalani, au fedha iliyofichwa nyumbani. Msomaji asidhani kuwa ulikuwa ni ujinga. Mkulima huyo aliiogopa riba kwa ajili ya dini yake, na tena hakuwaamini watu wa afisi. Ila alipofiwa na mnyama wake wa kulimia, au alipopatwa na ugonjwa, hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mkopeshaji wa kijijini. Basi riba aliyoikimbia mlangoni mwa benki ilimngoja kwa jirani yake, nayo ilikuwa kali zaidi.

Aliyeiona khabari hii kwa macho ya mtaalamu ni Ahmad al-Najjar, kijana wa Kimisri aliyezaliwa mwaka 1932 na kusoma elimu ya uchumi Ujerumani. Huko aliziona benki za akiba za miji, zilizokusanya senti za watu wadogo na kuzirudisha kwao kwa njia ya mikopo. Alilipenda umbo lake akaikataa riba yake. Wajerumani walisaidia katika kuianzisha kazi hiyo, na hapana aibu katika kulitaja jambo hilo, kwani elimu huchukuliwa popote ipatikanapo. Wala benki haikupewa jina la Kiislamu. Serikali ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa na wasiwasi na vyama vya dini, kwa hiyo ikaitwa benki ya akiba ya mahali tu, na wenyeji wakajionea wenyewe ilivyokwenda.

Watumishi wake hawakukaa mezani wakingoja watu. Walikwenda vijijini wakaketi na wakulima, wakawaeleza mpaka wakaelewa. Fedha zenyewe ziliwekwa katika mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la akiba. Mtu aliweka hata qirshi chache, akazitoa apendapo, asipate faida juu yake. Lakini aliyekwisha kuweka akiba alikuwa na haki ya kuomba mkopo mdogo, akarudisha kile kile alichokopa bila ya nyongeza. Fungu la pili lilikuwa la biashara. Fedha yake iliingia katika kazi za pale pale, na mwenye fedha akashiriki katika faida na katika khasara. Fungu la tatu lilikuwa la zaka na sadaka, na humo walisaidiwa waliofikwa na msiba wasioweza kukopa wala kulipa.

Pengine siri yote imo katika fungu la kwanza. Mkopo haukuwa hisani ya tajiri. Fedha aliyokopa mtu ilikuwa ya majirani zake, naye alijua kuwa asipoirudisha atamnyima mtu anayemwamkia kila asubuhi. Kadhalika aliyekuwa maskini jana hakuja kama mwombaji, alikuja na kitabu chake cha akiba mkononi.

Katika mwaka wa kwanza waliojiandikisha walikuwa 17,560. Ilipofika mwaka 1967 walikuwa wamepita 250,000, na benki za namna hiyo zilikuwa tisa. Ndipo zikafikwa na mauti, si kwa kufilisika, bali kwa amri. Mwaka huo serikali ilizitwaa na kuzitia chini ya mabenki yake makubwa, na kazi yao ikaendeshwa tena kwa riba. Wakulima hawakuulizwa.

Mwaka 1971 serikali hiyo hiyo ya Misri, Nasser akiwa amekwisha kufa, iliunda benki ya jamii isiyotoza riba kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo, ikaipa jina la Nasser. Mwaka 1975 zikaanza kazi Benki ya Kiislamu ya Dubai, na ile ya Maendeleo ya Kiislamu huko Jeddah. Hizi zilikuwa na mali nyingi ambayo Mit Ghamr haikupata kuiota, lakini mali hiyo ilitoka kwa wafanya biashara na kwa serikali za nchi za mafuta. Fungu la mwenye biashara lilikua sana, ama lile la mkulima likabaki nyuma.

Hata Uganda khabari hii imefika, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya mabenki ilibadilishwa mwaka 2016 ili kuruhusu benki isiyokuwa na riba, na mwezi wa Septemba mwaka 2023 ikatolewa ruhusa ya kwanza, miaka 60 baada ya mlango ule wa Mit Ghamr kufunguliwa. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa benki yenye afisi zake mjini Kampala. Huko vijijini, mkulima wa kahawa na wa pamba angali akiweka akiba yake katika kisanduku cha chama cha majirani.